Abiria akianguka kifafa ndani ya daladala: la kufanya mpaka azinduke

Saa moja kasorobo asubuhi, gari la kutoka Gongo la Mboto limejaa mpaka watu wananing'inia mlangoni. Abiria wa siti ya katikati anatoa mlio mmoja mzito kama mtu aliyekabwa, mwili unakakamaa, macho yanapanda juu, kisha mikono na miguu inaanza kupigapiga. Mlio ule si wa maumivu wala si wa pepo. Misuli ya kifua imejikaza ghafla na kuisukuma hewa itoke kooni kwa nguvu. Lakini gari zima limeshausikia, na kabla sekunde kumi hazijaisha yuko anayegombania kutokea dirishani, yuko anayeuliza nani ana kitunguu, na yuko aliyekwisha kuvua kiatu ili amnusishe.

Maelezo haya ni ya yule aliyekaa jirani yake. Hamjui, hajawahi kumwona, lakini mikono yake ndiyo itakayofika kwanza. Tunaanza na jambo ambalo wengi hawalitarajii: jino lililovunjika, bega lililoteguka na kidole cha msaidizi kilichong'atwa mara nyingi haviletwi na kifafa chenyewe. Vinaletwa na watu wenye nia njema wanaofanya mengi kupita kiasi.

Kwanza saa, halafu dereva

Tazama saa. Fungua simu, soma dakika, itamke kwa sauti ili na jirani aisikie: "Saa moja kasoro kumi na mbili." Hili linatangulia kabla hujamgusa mtu, kwa sababu baadaye hutaweza kulirudisha. Kutetemeka kwa dakika mbili mbele ya watu waliotaharuki huhesabiwa kuwa dakika kumi. Mara nyingi kifafa cha namna hii huisha chenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Kikivuka dakika tano, uwezekano wa kukoma chenyewe unapungua na mgonjwa anahitaji dawa ya hospitali. Kila uamuzi utakaofanya baadaye umesimama juu ya namba hiyo, na asiyetazama saa anabaki kubahatisha.

Kisha mwite dereva: "Dereva, weka pembeni taratibu, kuna mgonjwa!" Neno "taratibu" lisikike. Breki ya ghafla katika gari lililojaa inawaangusha waliosimama moja kwa moja juu ya mtu anayetetemeka. Mwambie konda afungue mlango na awateremshe waliosimama kwenye njia ya katikati, wa mlangoni kwanza. Usiwaombe "watu wapungue", kwa maana hakuna atakayejiona ndiye. Elekeza kwa kidole: "Kaka wa fulana nyeusi, shuka. Dada mwenye begi, shuka." Kama ni kipanya, yaani daladala dogo, siti za kukunja za njiani zikunjwe zote.

Aliyekaa, aliyesimama

Kama amekaa na anaweza kubaki kwenye siti bila kuporomoka, mwache hapo hapo. Kumvuta mtu aliyekakamaa kupita kati ya siti mbili za kipanya ni kumgonga kwenye kila chuma cha njiani. Kazi yako ni kichwa. Upande mmoja kuna kioo, mbele kuna bomba la siti ya mbele, na kichwa kinavigonga vyote viwili kwa zamu. Tia kitu laini katikati: sweta lililokunjwa mara nne, begi la nguo, hata kiganja chako kikitandazwa juu ya bomba. Usikibane kichwa kisitikisike. Kiache kicheze, ila kisipige kitu kigumu. Mwegemeze kidogo ubavu ili mate yatoke nje kupitia pembe ya mdomo.

Kama mdomoni kuna chakula, maziwa au matapishi, siti haifai tena. Huyo ashushwe sakafuni alale ubavu mara moja, hata kama nafasi ni ndogo.

Aliyekuwa amesimama akaanza kuanguka, mdake kwa nyuma, mikono yako ipite chini ya kwapa zake, na umshushe ukiwa unapiga magoti naye. Hutaweza kumzuia asianguke, lakini unaweza kupunguza kasi ya kichwa kufika sakafuni, na hilo peke yake ni msaada mkubwa. Akishafika chini, sukuma pembeni vyote vilivyo karibu: ndoo za samaki, madebe, mabegi ya shule, miguu ya watu.

Miwani itolewe. Tai ilegezwe, na kifungo cha juu cha shati kifunguliwe. Kwa mwanamke aliyejifunga mtandio, tafuta pini chini ya kidevu kwanza kabla ya kuvuta kitambaa. Pini iliyofunguka shingoni mwa mtu anayetetemeka inachoma vibaya. Pini ikishatoka, legeza mtandio bila kuuvua. Ashike kazi hii mama au dada aliye karibu kama yupo.

Mikono na mdomo

Usimshike kwa nguvu. Kutetemeka kunatokana na ubongo unaotuma amri nyingi kwa misuli kwa wakati mmoja, na amri hizo hazisimami kwa sababu wanaume watatu wamemkalia miguuni. Kinachotokea ni kwamba msuli unavuta huku, ninyi mnavuta kule, na bega au mfupa unalipa.

Mdomo uachwe. Usitie kijiko, funguo, kalamu, kitambaa wala kidole. Wengi wanaamini kwamba atameza ulimi. Ulimi umeshikwa chini ya mdomo na haumezwi. Anaweza kuung'ata, naam, na ndiyo maana povu huwa na wekundu. Lakini wakati wa kukakamaa meno yamekwisha kufungamana, na mara nyingi jeraha la ulimi limekwisha kutokea kabla hujafika. Kijiko kinachosukumwa hapo kinavunja jino, na kipande cha jino kikienda kwenye njia ya hewa umetengeneza tatizo jipya lililo kubwa kuliko la kwanza.

Kitunguu, soksi, kiatu, moshi wa kiberiti: hakuna harufu inayokatiza kifafa. Watu wanaziamini kwa sababu mgonjwa hunusishwa kwenye dakika ya pili, na kifafa huisha chenyewe dakika hiyo hiyo, basi sifa inapewa kiatu. Maji nayo yasimwagwe usoni wala yasitiwe mdomoni. Asiye na fahamu hamezi, na maji yanaweza kuingia mapafuni.

Povu linaogopesha kuliko vyote, na hapa ndipo wagonjwa wengi wanapoachwa peke yao. Povu ni mate. Hamezi, pumzi inapita kwa nguvu katikati ya mate, yanaumuka kama maji ya sabuni. Basi. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, kwa mkojo, kwa pumzi, wala kwa kumshika mtu mkono. Ukiona damu, chukua tahadhari ile ile unayochukua kwa damu ya mtu yeyote: kitambaa au glavu kati ya kidonda na mkono wako, kisha nawa kwa sabuni. Mtu anayemfuta mgonjwa mdomo mbele ya gari zima, bila kurudi nyuma, anawafundisha abiria wengine kumi kwamba inawezekana.

Huenda pia amejikojolea. Omba khanga au kitenge, umfunike kuanzia kiunoni kabla hajazinduka, wala usilitangaze. Katika gari lolote la Dar asubuhi hakukosekani mama mwenye khanga kwenye mkoba.

Kukishatulia

Kutetemeka kunapungua taratibu, pumzi inarudi kwa kishindo, mara nyingi kwa mkoromo. Tazama saa tena. Sasa alazwe ubavu, na kama gari ni dogo huu ndio wakati wa kumtoa nje, si kabla. Abebwe na watu wanne: mmoja kichwa na shingo, wawili mikono yao ikutane chini ya mgongo na makalio, mmoja miguu. Asibebwe kwa kushikwa viwiko na vifundo kama gunia. Chagueni kivuli, mbali na mtaro, na mtandike kitu chini.

Kumlaza ubavu kuna utaratibu wake. Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe kuelekea nje, kiwiko kikunjwe, kiganja kitazame juu. Mkono wa upande wa pili uvuke kifua, mgongo wa kiganja ulale kwenye shavu lake la upande wako, nawe uushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine kunja goti lake la mbali mpaka unyayo ukae chini, kisha vuta goti hilo kuelekea kwako. Mwili utajigeuza wenyewe bila nguvu nyingi. Goti la juu likae mbele kama nguzo ili asiangukie kifudifudi. Mwisho inua kidevu kidogo, mdomo utazame chini. Mate yanatoka, ulimi haurudi nyuma, hewa inapita.

Sikiliza pumzi kwa sekunde kumi: shavu lako karibu na pua yake, macho yako kwenye kifua. Kama kutetemeka kumekwisha na hapumui, au anavuta pumzi moja moja ya kutweta, hili si suala la kifafa tena. Moyo unaposimama, mwili unaweza kutikisika kwa muda mfupi na ukafanana kabisa na kifafa. Mlaze chali kwenye ardhi ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane kila dakika mbili, huku gari likitafutwa.

Dakika za kuchanganyikiwa

Watu hudhani kazi imeisha pale macho yanapofunguka. Bado. Kwa kawaida mtu hubaki amechanganyikiwa kwa dakika 5 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Hajui yuko wapi, haelewi kwa nini amezungukwa, na akishikwa kwa nguvu anaweza kurusha ngumi bila kukusudia. Hapo ndipo anapoitwa mlevi au mwenye mapepo.

Kaa chini usawa wa macho yake. Sema polepole, sentensi fupi, na uzirudie: "Dada, uko salama. Ulikuwa kwenye gari la Gongo la Mboto. Hapa ni kituo cha Banana. Ulitetemeka kidogo, kumeisha. Begi lako lipo." Mzee mwite mzee, mama mwite mama. Usimuulize maswali matano kwa mpigo. Akitaka kusimama na kutembea, usimkamate mkono. Tembea naye wewe ukiwa upande wa barabara, ili mwili wako uwe ukuta kati yake na magari.

Umati uondolewe. Waombe watu wawili wasimame wakimpa mgongo, wakitazama nje. Ukuta wa namna hiyo unazuia kamera bila ugomvi. Video humsaidia sana daktari ikipigwa na ndugu wa mgonjwa. Ile ya mpita njia huishia kwenye makundi ya WhatsApp, na mtu anapoteza kazi au uchumba kwa dakika mbili ambazo hata hazikumbuki. Ukiona simu imeinuliwa, sema wazi: "Kaka, shusha simu, huyu ni mgonjwa."

Kuhusu mali yake: begi na simu vishikwe na mtu mmoja tu, atajwe mbele ya wote, na konda awe shahidi. Ukilazimika kufungua pochi kutafuta namba ya ndugu au kadi ya kliniki, fungua mbele ya watu wawili na utaje unachokiona kwa sauti: "Simu moja, elfu tano, kitambulisho, kadi ya hospitali." Ukikuta vidonge vya kifafa, kama fenobabitoni au kabamazepini, umepata habari muhimu kwamba ana kliniki yake. Usimpe vidonge hivyo. Hata kama leo alisahau dozi, mtu asiyezinduka sawasawa hapewi kitu mdomoni.

Nani apelekwe hospitali

Mwenye kifafa kinachojulikana, kikaisha chini ya dakika tano, akazinduka na kujieleza, hana lazima ya kukimbizwa hospitali. Anahitaji mahali pa kupumzika na mtu wa kumfikisha nyumbani. Apelekwe haraka iwapo:

- kutetemeka kumefika dakika tano, au kumeanza tena kabla hajarudiwa na fahamu;
- ni mara yake ya kwanza, au hakuna anayejua;
- ameumia kichwa, anapumua kwa shida, ana kisukari au ana homa;
- ni mjamzito;
- ni mtoto.

Usafiri uwe gari lenye nafasi ya kulala ubavu. Mara nyingi daladala lile lile, likiwa limeshusha abiria, ndilo la haraka kuliko yote, na dereva akiombwa kwa heshima hukubali. Bajaji inafaa kwa aliyekwisha tulia, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya msaidizi. Bodaboda hapana, hata akisema yuko sawa. Usingizi mzito humfika mtu baada ya kifafa, naye atateleza nyuma ya dereva bila mtu kujua.

Mapokezi, eleza kwamba ni ugonjwa na si ajali, kwa maana majeruhi wa ajali huulizwa fomu ya polisi ya PF3. Kisha toa habari zako kwa mpangilio: kulianza saa ngapi, kulidumu dakika ngapi, kulianzia mkono mmoja au mwili mzima, macho yalipinda upande gani, aligonga kichwa au hakugonga.

Mjamzito na mtoto

Mwanamke mwenye mimba iliyopita miezi mitano akitetemeka, chukulia kwamba ni kifafa cha mimba hata kama kuna anayesema ana kifafa cha kawaida. Kinatokana na shinikizo la damu la ujauzito na kinaweza kumuua mama na mtoto. Usisubiri azinduke wala usihesabu dakika tano. Alale ubavu wa kushoto, gari liende hospitali, na mlangoni useme maneno mawili: "Mjamzito, ametetemeka." Dawa yake, magnesiamu salfeti, huchomwa kwa sindano na wahudumu wanaijua. Namba ya bure ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito ni 115.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mwenye homa, hii ndiyo degedege. Mwambie mama amlaze ubavu juu ya mapaja, uso ukitazama chini kidogo, ampunguzie nguo. Asimtikise, asimmwagie maji ya baridi, na pasichomwe kitu chochote karibu na pua yake. Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, na kwa imani hiyo hupelekwa kwanza kwa mganga. Mtoto anayekufa mara nyingi huwa amecheleweshwa. Nyuma ya homa hiyo inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na zote mbili zinahesabiwa kwa saa. Kituo cha afya kiwe siku hiyo hiyo, safari hiyo hiyo, hata kama ameacha kutetemeka na anacheka.

Yule asiyejibu konda

Kuna kifafa ambacho hakiangushi mtu, nacho ndicho kinachodhulumiwa zaidi kwenye daladala. Konda anatikisa sarafu mbele ya abiria: "Nauli, mzee. Nauli!" Abiria macho yako wazi lakini hayamwoni. Anatafuna tafuna bila chakula, vidole vinachezea kifungo cha shati au vinakunja na kukunjua noti. Konda anaona ni jeuri, anampiga bega, gari linacheka. Mtu huyu hakusikii. Sehemu moja ya ubongo imeshikwa, na itaachia baada ya dakika moja au mbili.

Mwambie konda kwa sauti ya chini: "Konda, mpe dakika mbili, hayuko sawa." Akianza kuelekea mlangoni, simama mbele yake umgeuze taratibu kwa kumgusa bega, usimvute. Akirudi, mweleze yuko kituo gani na kwamba nauli bado. Dakika tano ni zile zile hapa pia.

Aliyezimia kwa joto na kusimama muda mrefu ni mwingine kabisa: huwa ametoka jasho, amelegea badala ya kukakamaa, na hurudi ndani ya dakika moja akilazwa chali, miguu ikiinuliwa. Mwenye kisukari anayetetemeka mikono, jasho likimtoka na maneno yakimchanganya, kama bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida yenye sukari, karibu mililita 150, isiwe ile isiyo na sukari.

Kabla hamjaachana

Huenda asikumbuke chochote, na kliniki yake itamuuliza kila kitu. Basi chukua kipande cha karatasi, hata nyuma ya risiti, uandike: tarehe, saa kulipoanza, dakika ngapi, mwili mzima au upande mmoja, aligonga wapi, alizinduka saa ngapi. Kama ameruhusu, ongeza namba yako ya simu. Mkabidhi begi mbele ya konda, ahesabu vitu vyake mwenyewe. Karatasi iweke kwenye mfuko wa pochi yake akiwa anatazama, na umuulize umeiweka wapi. Akikuonyesha mfuko sahihi, na akakutajia jina la kituo anachoshukia, fahamu zimerudi vya kutosha apande gari jingine akiwa na mtu wa kumsindikiza.